Kutembelea kanisa la kale la kijijini Uingereza: maswali ninayoulizwa kila msimu wa wageni

Naishi katikati ya Uingereza, na kuanzia Mei simu huwa hazikatiki. Huyu anakuja mahafali ya mwanawe, yule kaletwa kulea mjukuu, mwingine yuko kwenye semina ya wiki mbili na amebakiwa na Jumamosi moja. Wakishapiga picha London na kuchoshwa na maduka, nawapeleka shamba kuona kanisa. Mwanzoni hunikatalia: "Kanisa? Kwani kwetu hayapo?" Baadaye ndio hao hao wanaonitumia ujumbe kuuliza njia ili wawapeleke wenzao. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mfano wangu mkubwa ni kanisa la Kilpeck, katika kaunti ya Herefordshire karibu na mpaka wa Wales, maana ndilo ninalolijua kuliko mengine. Ila mengi niliyoandika yatakufaa kwenye kanisa lolote la kijijini.

Kwa nini niende kijijini wakati makanisa makubwa yako mjini?

Nenda na ya mjini pia, sikukatazi. Lakini kwenye kanisa kuu la mjini mara nyingi utalipa kiingilio, utapanga foleni, na utatembea ukifuata kamba. Kijijini unasukuma mlango, unaingia, na humo ndani uko peke yako na kazi ya mikono ya watu wa miaka mia tisa iliyopita. Hakuna mlinzi. Mama yangu mdogo alipokuja kutoka Tanga alisimama mlangoni akauliza, "Sasa tunamuaga nani tukitoka?" Hakuna wa kuagwa.

Halafu yako mengi. Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana, lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yanalindwa na sheria kwa thamani yake ya kihistoria. Popote ulipofikia, iwe Leicester, Reading au Coventry, hukosi la kale ndani ya nusu saa ya gari.

Kilpeck kuna nini hasa?

Ukiliona kwa mbali utadhani nimekudanganya. Ni kanisa dogo la mawe mekundu, halina mnara wa maana, limekaa juu ya mwinuko katikati ya makaburi. Lilijengwa kiasi cha mwaka 1140, miongo saba hivi baada ya Wanormani kuvuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi hii mwaka 1066. Bwana wa eneo aliyelijenga aliitwa Hugh, na ngome yake ilikuwa hapo hapo nyuma ya kanisa. Leo imebaki tuta la udongo na vipande viwili vya ukuta. Panda juu yake, ni dakika mbili tu.

Nenda kwanza kwenye mlango wa kusini. Anayejua milango ya Zanzibar atauelewa upesi, maana na huu umechongwa ili mpita njia asimame. Tofauti ni kwamba huu ni wa mawe. Nguzo za pembeni zimejaa majani na mizabibu iliyosokotana, na ndani ya msokoto huo wamo mashujaa wawili wembamba waliovaa suruali. Kuna nyoka wanaojimeza mkia. Kuna uso unaotoa matawi mdomoni. Juu ya mlango, katika nusu duara, umechongwa mti wa uzima. Sasa sogea karibu, lakini usiguse, uangalie kingo za michongo. Zimesimama kali kana kwamba patasi imeondolewa jana. Jiwe la mchanga la huku ni gumu kuliko mengi ya aina yake, ndiyo maana mvua ya karne tisa haikuufuta uso wa mtu.

Kisha zunguka nje taratibu huku ukitazama juu, chini ya ukingo wa paa. Kuna safu ya mawe yaliyotokeza ukutani, na kila moja limechongwa kitu chake. Yalikuwa 91, yamebaki 85. Utaona kondoo dume, nguruwe, dubu, mpiga zeze, watu wawili waliokumbatiana (wanacheza au wanapigana mieleka, mtajua wenyewe), na nyuso ambazo sijui zilikusudiwa kutisha au kuchekesha. Wanaopendwa kuliko wote ni mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, wenye macho makubwa ya duara. Mama mdogo aliwatazama sana, akasema, "Huyo sungura keshamlaghai mwenziwe." Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya jiwe hilo, lakini maelezo ninayoyakubali mimi ni hayo.

Nikuonye pia: upande wa madhabahu, kwa nje, kuna mchongo wa mwanamke aliyetanua miguu na kujifunua bila haya yoyote. Ni maarufu, na uko kwenye kadi zinazouzwa. Wengine husema aliwekwa kuonya watu dhidi ya zinaa, wengine kufukuza uovu, wengine husema ni alama ya uzazi. Ukiwa na mkweo, pitisha msafara upande mwingine kwanza.

Ndani ni patupu na patulivu. Kanisa lina vyumba vitatu vinavyofuatana, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia, hadi kwenye nusu duara yenye madhabahu. Kwenye tao linaloingia sehemu ya makasisi wamechongwa mitume watatu kila upande, mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe, jambo ambalo si la kawaida Uingereza. Wenye kujua wanalihusisha na Santiago de Compostela, Hispania, ambako watu wa kaunti hii walikuwa wakienda kuhiji karne hiyo ya 12. Tafuta na chombo cha jiwe cha maji ya baraka: kina mikono miwili iliyokumbatia tumbo, kama mtu aliyeshiba pilau.

Nitafikaje huko?

Treni kutoka London, kituo cha Paddington, hadi Hereford huchukua kiasi cha saa tatu. Kutoka Hereford hadi Kilpeck ni maili 9 hivi kusini-magharibi, karibu na barabara ya A465. Chukua teksi na uipange irudi kukufuata, kwa sababu kijijini hutapata ya kusimamisha barabarani. Ukiwa na gari ni rahisi zaidi, ila zile njia za mwisho ni nyembamba, zina ua wa miti pande zote mbili, na ukikutana na trekta wewe ndiye utakayerudi nyuma. Kuhusu mabasi ya vijijini sina la kusema zaidi ya hili: usiyategemee, na Jumapili usiyafikirie kabisa.

Nimefika, mlango umefungwa. Nirudi nyumbani?

Usirudi! Una hakika umefungwa? Mara ya kwanza nilipokwenda kanisa moja la namna hii tuliendesha saa mbili, nikavuta mpini, nikasukuma, ukagoma. Tukala sandwichi zetu kwenye benchi la makaburini kwa huzuni. Akapita mzee na mbwa wake, akatuuliza tulivyoliona kanisa. Tulipomweleza alicheka, akaushika ule mkono wa chuma wenye umbo la pete nene, akauzungusha nusu mzunguko mpaka kitasa cha ndani kikanyanyuka kwa kishindo, akasukuma kwa bega. Mlango haukuwa umefungwa hata kidogo. Milango hii ni ya mbao nene, mizito, na unyevu huivimbisha. Zungusha pete kulia, kisha kushoto, kisha tumia bega.

Ikiwa kweli umefungwa, soma matangazo ukumbini, pale kwenye kibanda cha mlangoni. Mara nyingi kuna karatasi inayosema ufunguo uko nyumba gani au nambari ya simu ya mzee wa kanisa. Piga. Waingereza wa vijijini wana sifa ya ukimya, lakini muulize mmoja juu ya kanisa lake, hutaondoka kabla ya saa nzima.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Makanisa ya parishi hayatozi. Lakini toa kitu. Wageni wetu wengi hudhani kwa kuwa Mfalme ni mkuu wa Kanisa la Uingereza, basi serikali ndiyo inayokarabati paa. Sivyo. Kila parishi hubeba mzigo wa jengo lake, na parishi yenyewe pengine ni wazee kumi na watano wanaouza keki na jamu ili kuziba paa linalovuja. Sanduku la sadaka liko karibu na mlango, mara nyingi ni chuma kilichofukiwa ukutani kwa sababu ya wezi, na siku hizi makanisa mengi yana kidude cha kugusishia kadi. Mimi hutoa pauni tano. Nikinunua kijitabu cha historia ya kanisa, natoa na hela yake, hata kama hakuna mtu wa kuniona.

Nivae nini? Navua viatu?

Viatu huvui. Kichwa hufuniki, na ukifunika hakuna neno. Wanaume huvua kofia, ingawa hata hilo vijana wa huku wamelisahau. Mtu asishangae akiona jirani yake ameingia na kaptura, buti zenye tope na mbwa: ndivyo walivyo, na makanisa mengi huweka bakuli la maji ya mbwa mlangoni. Wageni wangu hawajawahi kulimeza hili la mbwa. Nami nimeacha kulitetea.

Chukua koti hata Julai. Mawe hayo huhifadhi baridi kama mtungi unavyohifadhi maji.

Mimi ni Mwislamu. Nitaruhusiwa kuingia?

Utaingia kama mwingine yeyote, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Wakati usio wa ibada hulazimiki kufanya tendo lolote, kupiga goti wala kuwasha mshumaa. Kuna jambo moja ambalo wageni wangu Waislamu hulitambua haraka kuliko Wakristo: jengo lina mwelekeo. Kama msikiti unavyoelekea kibla, makanisa haya ya kale yamejengwa madhabahu ikiwa mashariki. Kwa hiyo hata siku ya mawingu unajua uko upande gani. Ukihitaji mahali pa kuswali, muulize mtu wa kanisa ukimkuta. Usipomkuta, kuna nyasi nje na nafasi tele.

Hili kanisa ni la Kikatoliki au Kianglikana?

Yote mawili, kwa zamu. Kanisa lolote lililojengwa kabla ya mfalme Henry wa Nane kujitenga na Roma mwaka 1534 lilijengwa na Wakatoliki, misa ikasomwa Kilatini humo kwa karne nyingi. Baada ya hapo majengo yakabaki mikononi mwa Kanisa la Uingereza. Mkatoliki kutoka Bukoba akiingia atatambua vitu vingi, kisha ataanza kuuliza vingine vimekwenda wapi.

Vimekwenda, kweli. Kuta unazoziona nyeupe zilikuwa na picha za rangi kuanzia chini hadi juu: watakatifu, siku ya hukumu, mashetani wanaosukuma watu motoni. Zilipakwa chokaa katika karne ya 16. Sanamu zikavunjwa. Miaka ya 1643 na 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtu mmoja aitwaye William Dowsing alipita kanisa kwa kanisa huko Suffolk na Cambridgeshire akiwa na kibali cha kuvunja vioo vya picha na sanamu, na aliandika shajara ya kila alichovunja. Kwa hiyo ukikuta mtakatifu asiye na kichwa, si uzee. Na hapa na pale chokaa ikibanduliwa, uso mwekundu unachungulia tena ukutani.

Niangalie nini kwa ujumla, nisipokuwa Kilpeck?

Anzia nje kila mara. Kwanza lango la makaburi lenye paa: hapo ndipo jeneza lilipotuliwa kumsubiri kasisi, na jina lake la Kiingereza limetoka kwenye neno la kale lenye maana ya maiti. Kisha angalia ardhi yenyewe. Mara nyingi kanisa linaonekana limezama, unashuka ngazi moja au mbili kuingia. Kanisa halikushuka. Ni uwanja uliopanda kwa vizazi na vizazi vya waliozikwa humo.

Karibu na mlango wa kusini chunguza ukuta kwa makini. Ukiona tundu dogo lenye mistari iliyokwaruzwa kama miale, hiyo ni saa ya jua. Kijiti kilichomekwa tunduni, kivuli kikagusa mstari, watu wakajua misa imefika.

Ndani, tafuta birika la ubatizo, kwa kawaida karibu na mlango, maana ubatizo ndio kuingia. Huwa ndicho kitu cha kale kuliko vyote, kwa kuwa kanisa likijengwa upya birika halitupwi. Angalia ukingo wake wa juu: ukiona kovu la chuma, palikuwa na kufuli. Maaskofu waliagiza mabirika yafungwe ili watu wasiibe maji yaliyobarikiwa kwa ajili ya uchawi. Nikimweleza mtu wa kwetu jambo hili, huwa halihitaji ufafanuzi.

Kuna tofauti pia kati ya sehemu walikokaa waumini na ile ya madhabahu. Zamani waumini walitunza upande wao, na kasisi mwenye parishi upande wake. Kwa hiyo usishangae ukikuta upande mmoja umepanuliwa kwa fahari, wenye vijiji walikuwa na fedha za sufu, na mwingine mdogo na wa kale kwa sababu kasisi alibana matumizi. Ukuta hauna siri.

Na usipite bila kusoma mbao za majina. Moja ina orodha ya makasisi wote, pengine tangu miaka ya 1200. Nyingine ina majina ya vijana wa kijiji waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Kijiji chenye nyumba thelathini kina majina kumi na mawili, matatu ya ukoo mmoja. Hapa na pale imeandikwa kuwa huyu alifia Afrika Mashariki, na hapo ndipo wageni wangu huacha kuongea.

Naweza kutembea makaburini? Kwetu hatukanyagi.

Unaweza. Njia nyingi za miguu za umma hupita katikati ya makaburi, watu wanapita kwenda dukani. Usikanyage kaburi lenyewe, usiegemee mawe yaliyoinama (mengine huanguka kweli), na funga lango nyuma yako, kwani wakati mwingine kondoo ndio wakata nyasi.

Walio na watoto wasikilize hili vizuri. Mti mkubwa mweusi wa kijani, wenye shina nene lililopasuka, ambao Waingereza huuita yew, una sumu. Majani yake na mbegu zilizo ndani ya vile vitunda vyekundu vinaweza kuua. Miti hiyo ni mizuri, mingine ina umri unaozidi wa kanisa, lakini mtoto asitie kitu mdomoni.

Nikikuta ibada inaendelea?

Ingia, keti nyuma, utapewa kitabu. Lakini uwezekano ni mdogo kuliko unavyodhani. Kasisi mmoja siku hizi huhudumia makanisa sita, nane, hata zaidi, kwa hiyo kanisa la kijiji linaweza kuwa na ibada Jumapili moja au mbili kwa mwezi. Ratiba huwekwa kwenye tovuti ya AChurchNearYou ya Kanisa la Uingereza.

Usitarajie kwaya ya kutikisa mabati. Watakuwa watu kumi na wawili, nyimbo nne, na mahubiri ya dakika kumi. Ukiwa umebatizwa na unashiriki meza ya Bwana katika kanisa lako, unakaribishwa kushiriki. Usipotaka, nenda mbele ukiwa umefunga mikono kifuani, utaombewa baraka. Baada ya ibada kuna chai na biskuti nyuma ya kanisa, na hiyo nayo ni ibada. Ukiikwepa, utaonekana una haraka.

Ukikuta maziko au arusi, subiri nje.

Naruhusiwa kupiga picha?

Kwa kawaida ndiyo, ila si wakati wa ibada bila kuomba. Kwa Kilpeck nenda asubuhi au jioni, jua likilala upande. Mchana michongo hupoteza vivuli vyake na picha hutoka bapa.

Choo je?

Mara nyingi hakuna. Jisaidie kabla hujaondoka mjini, au ingia baa ya kijiji ununue angalau soda.

Kuna vinyesi vidogo vyeusi kwenye viti. Panya?

Popo. Na hawafukuzwi: tangu sheria ya mwaka 1981 popo wote hulindwa nchini, pamoja na mahali wanapolala. Hata kazi ya kutengeneza paa inaweza kusimama kwa ajili yao. Wazee wa kanisa hufunika madhabahu kwa nailoni siku za wiki na kufagia kabla ya ibada, huku wakinung'unika.

Naweza kuvuta kamba za kengele?

La hasha. Kengele hizi huzungushwa duara zima, na kengele moja inaweza kuwa na uzito wa gari dogo. Kamba ikimpanda mtu asiyejua humnyanyua hadi darini. Ukitaka kujaribu, ulizia jioni ya mazoezi. Wapiga kengele wana uhaba wa vijana na watakupokea kwa furaha.

Kuna kanisa la kijijini lenye uhusiano wowote na sisi?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Yapo, tena matatu nitakayoyataja yote ni ya kijijini.

La kwanza ni Little Steeping, Lincolnshire, kwenye tambarare za mashariki karibu na mji wa pwani wa Skegness. Mwaka 1859 kasisi wa hapo alikuwa Edward Steere. Jirani yake, kasisi wa Burgh le Marsh, alikuwa William Tozer. Tozer alipofanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu mwaka 1863, Steere akafuatana naye, na mwaka uliofuata wakahamia Unguja. Yule kasisi wa mashambani akakaa na wenyeji akajifunza, akaandika. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Hakuwa wa kwanza, mmisionari Krapf wa Mombasa alimtangulia, lakini kazi yake ilisaidia kukiweka mbele Kiunguja ambacho baadaye kilichukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa Krismasi ya 1873, yaani mwaka lile soko lilipofungwa. Steere akawa askofu, akafariki Unguja mwaka 1882, na amezikwa nyuma ya madhabahu ya Mkunazini. Mtu aliyesimama kwenye kaburi lile kisha akasimama Little Steeping, kukiwa na upepo wa bahari ya kaskazini na mashamba ya kabichi, ataona kwamba safari ile haikuwa ndogo.

La pili ni Dowlish Wake, Somerset. Huko amezikwa John Hanning Speke, yule aliyefika Nyanza mwaka 1858 akaliita ziwa jina la malkia wake, kana kwamba halikuwa na jina. Alifariki mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyemwongoza, hana kaburi la fahari kama hilo. Nikiwapeleka wageni, huwa namtaja kwa sauti tukiwa humo ndani.

La tatu ni Twywell, Northamptonshire. Horace Waller aliyekuwa kasisi wa hapo kuanzia 1874 ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone. Walioisaidia kazi hiyo, kwa sababu wao ndio waliokuwepo, ni Abdullah Susi na James Chuma, wale walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi pwani. Waliletwa Uingereza mwaka huo wa 1874, mazishi ya Westminster yakiwa yamekwisha fanyika.

Nimesikia mtu anaweza kulala kanisani. Ni kweli?

Ni kweli. Kuna shirika la Churches Conservation Trust, lililoanzishwa 1969, linalotunza makanisa zaidi ya 350 yasiyotumika tena kwa ibada za kila wiki. Baadhi yake hukodishwa usiku wakati wa miezi ya joto. Unapewa kitanda cha kukunja na mnalala kati ya viti na mawe ya makaburi ya sakafuni. Wenyeji wanaona ni burudani. Nimewapendekezea wageni wanane hadi sasa, wote wamekataa kabla sijataja bei.

Natafuta ukoo wa babu Mwingereza. Kanisani kuna rejista?

Parishi ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538, kwa hiyo kumbukumbu zipo, ila vitabu vya zamani havikai tena kanisani. Viko kwenye ofisi za nyaraka za kaunti. Nenda huko kwanza na jina la kijiji, kisha ndipo uje makaburini.

Nisaini kitabu cha wageni? Kwa Kiswahili?

Saini, na ndiyo, kwa Kiswahili. Wazee wa kanisa huvisoma vitabu hivyo, na huvitumia kuonyesha wanaotoa misaada kwamba watu wanakuja. Andika jina, mji ulikotoka na neno moja au mawili. Mama mdogo aliandika "Tumefika, hatukumkuta mwenyeji", akaweka tarehe.

Kitu cha mwisho kabla ya kuondoka?

Funga mlango, na ukiwepo wa wavu ukumbini, ufunge nao. Mwaka mmoja tuliuacha wazi kwa dakika tano tu, tukipakia watoto garini, mbayuwayu akaingia. Ilituchukua saa nzima na ufagio kumtoa, maana kila akichoka alitua juu kabisa kwenye boriti, akatutazama. Teksi tuliyokuwa tumeipanga ilikwisha kwenda.